Nani Asimamishe Mashine?

Kwetu Ushetu hakuna bahari. Ukitoka Nyamilangano ukashika njia ya Kahama, maji mengi utakayoyaona ni ya majaruba ya mpunga wakati wa masika, na ya malambo wanakonyweshea ng'ombe. Kwa hiyo ndugu msomaji una haki ya kuuliza: msichana aliyekulia katikati ya mabani ya tumbaku ana lipi la kusema juu ya nyambizi, manowari zile zinazotembea chini ya bahari? Sijawahi kuiona hata moja. Bahari yenyewe nimeiona mara mbili tu, Dar es Salaam.

Lakini mimi ni fundi mitambo, na kila fundi ana swali moja linalomkosesha usingizi. Langu ni hili: mashine inapoanza kuugua, nani ana uwezo wa kuisimamisha? Nimelitafuta jibu kwenye karakana, nimelitafuta kwenye mashine ya kusaga ya kijijini, na mwaka juzi lilinijia nyumbani kwa miguu yake, likiwa na sura ya mdogo wangu. Kumbe watu wa nyambizi walilikuta swali hilo hilo zamani, wakalilipia kwa roho za watu. Ndiyo maana naanza na wao.

Nyambizi ni bomba kubwa la chuma lenye watu ndani. Kila inaposhuka meta kumi, maji huongeza mzigo wa karibu kilo moja juu ya kila sehemu ya chuma yenye ukubwa wa ukucha. Ikifika meta 200, ukucha mmoja unabeba kilo 20, na bomba zima lina kucha nyingi zisizohesabika. Basi la Kahama likiharibika, dereva anaegesha kando, abiria wanashuka, mnanunua mahindi ya kuchoma mkisubiri. Huko chini hakuna kando ya kuegesha.

Tena nyambizi ina jambo jingine la ajabu. Ulinzi wake ni ukimya. Beringi ya pampu ikianza kulika hupiga kelele, na kelele husafiri mbali sana ndani ya maji kuliko hewani; adui huisikia. Kwa hiyo mafundi wake wanaisikiliza kila pampu kwa sababu mbili, isije ikawaua na isije ikawasaliti. Mitambo hukalishwa juu ya mipira ili mtetemo usifike kwenye bodi. Vipima mtetemo hubandikwa kwenye mashine. Oili hutolewa kidogo kidogo, ikapelekwa kupimwa. Unene wa chuma hupimwa kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliyasikii. Kila mtambo una faili lake, kama mgonjwa ana cheti chake zahanati.

Hayo ndiyo matengenezo yanayofuata hali ya mashine yenyewe, badala ya kufuata kalenda. Kalenda inasema: miezi sita imetimia, fungua. Hali inasema: subiri, huyu bado mzima, au inasema: fungua leo hii, usingoje hiyo miezi sita. Usidhani kalenda haina madhara, ati ukifungua mapema umejihami zaidi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanabiolojia mmoja wa Uingereza, C. H. Waddington, alichunguza ndege zilizokuwa zikiwinda nyambizi za Wajerumani kwenye Atlantiki. Ndege hizo zilifanyiwa ukaguzi kila zilipotimiza saa 50 za kuruka. Waddington akakuta hitilafu zikiongezeka mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikipungua kadiri ndege ilivyoendelea kuruka. Yaani kule kufungua-fungua kwenyewe kulikuwa kunazaa ugonjwa. Fundi yeyote wa pikipiki pale Kahama anaweza kukuhakikishia jambo hilo, isipokuwa yeye hakuliandika.

Aliyenifundisha mimi mambo haya hakuwa mtaalamu wa ndege wala wa nyambizi. Alikuwa mzee mwenye mashine ya kusaga kijijini kwetu, tukimwita Mzee wa Mashine tu. Injini yake ilikuwa Lister ya dizeli, ya silinda moja, yenye gurudumu zito pembeni, na sauti yake ilisikika vijiji viwili. Nilikuwa nikitumwa na debe la mahindi kichwani, na kwa vile foleni ilikuwa ndefu, nilikaa nikimtazama.

Asubuhi, kabla ya kupokea mteja, alitazama moshi. Ukiwa mweusi, injini imebebeshwa kuliko nguvu zake au dizeli haiungui sawasawa. Ukiwa na rangi ya buluu, inakula oili. Ukiwa mweupe na injini imeshapata moto, kuna jambo. Kisha alichovya kidole kwenye oili, akaisugua kwa dole gumba kama mpishi anavyosugua unga kuona kama umelainika. Mwisho alichukua bisibisi ndefu, ncha akaigandamiza kwenye ubavu wa injini, mpini akauweka kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Sisi watoto tulicheka. Tulidhani anaongea na majini.

Siku moja ya mwezi wa saba, mavuno yamejaa, foleni imezunguka mti wa mwembe, aliitega bisibisi yake, akasikiliza, halafu akazima mashine. Akasema: "Leo basi."

Ndugu msomaji, wewe hujui kelele za akina mama waliotembea saa mbili na mizigo kichwani, watoto mgongoni. "Mzee, mbona inaunguruma vizuri tu?" "Mzee, unataka tukawape watoto mahindi mabichi?" Mmoja akabeba debe lake akaenda kwa mshindani wake, na wengine kumi wakamfuata. Mzee hakujibu. Alikaa chini na supana zake, na kufika jioni alikuwa ameshatoa bushi zinazokaa kwenye kranki. Moja ilikuwa imelika upande, na ule utando wa juu umebanduka kama ngozi ya kidonda. Angeendelea siku mbili tatu tu, kranki nayo ingeharibika, na kranki ya Lister hainunuliwi kwa pesa za unga.

Alichofanya baadaye ndicho nilichokuja kukielewa nikiwa mtu mzima. Ile bushi hakuitupa. Aliiweka kwenye kopo la Kimbo pamoja na nyingine za miaka ya nyuma, na kopo akaliweka pale pale kwenye mizani. Mteja akinuna kwa sababu mashine imezimwa, mzee anamwambia kwa upole, "Mayu, hebu ingiza mkono humo." Mama wa watu anatoa kipande cha chuma kilicholika, anakigeuza-geuza, na hata kama hajui ni kitu gani, anaona kwamba kimeliwa. Anakaa chini, anasubiri. Wale waliokwenda kwa mshindani walirudi.

Leo mimi nafanya kazi kwenye karakana ya magari makubwa katika ukanda huu wetu wa dhahabu. Kazi yangu kubwa ni vichupa. Natoa oili ya injini ikiwa ya moto, najaza kichupa, naandika namba ya gari na saa ilizofanya kazi, kinapelekwa maabara. Majibu yanarudi yakiwa na orodha: chuma kiasi gani, shaba kiasi gani, risasi, mchanga, maji. Shaba na risasi zikipanda pamoja, nawaza bushi. Mchanga ukipanda, nakwenda kutazama filta ya hewa, maana vumbi la huku wewe unalijua. Karatasi ina rangi tatu: kijani, njano, nyekundu. Ni kidole cha Mzee wa Mashine kile kile, ila kimepelekwa shule.

Lakini karatasi nyekundu haizimi gari. Anayezima ni mtu, na mtu ana bosi, na bosi ana tani alizoahidi. Hapo ndipo swali langu linapoanza kuuma.

Tarehe 10 Aprili 1963 nyambizi ya Marekani iitwayo Thresher ilizama mashariki ya pwani ya Massachusetts ikiwa katika majaribio ya kupiga mbizi. Walikufa watu wote 129. Ilikuwa imetoka tu kwenye matengenezo. Sasa sikiliza. Ndani yake mlikuwa na maungio ya mabomba yapatayo 3,000 yaliyounganishwa kwa madini ya fedha, na yote yalibeba mzigo wa maji ya bahari. Pale kiwandani walikuwa wameanza kuyapima kwa mawimbi ya sauti. Walipima 145. Katika hayo, asilimia 14 hayakufikia kiwango. Piga hesabu mwenyewe: kama hali ilikuwa hiyo hiyo kwa yote, basi mabovu yangezidi 400. Walifanya nini? Kazi ilikuwa imechelewa na chombo kilitakiwa kitoke. Upimaji ukaachwa. Tume ya jeshi la majini ilihitimisha kwamba huenda ungio moja lilipasuka chumba cha injini, maji yakarukia mitambo ya umeme, nguvu ikakatika. Wapo wataalamu wanaobisha juu ya chanzo hicho hadi leo. Lakini juu ya yale maungio 145 hakuna ubishi. Chombo kiliulizwa, kikajibu, na jibu halikupendwa.

Miaka 60 baadaye, bahari hiyo hiyo ya Atlantiki. Chombo cha watalii kiitwacho Titan, ambacho si cha jeshi, kilikuwa kikiwapeleka watu kutazama mabaki ya meli ya Titanic. Kilifungwa vifaa vya kuusikiliza mwili wake wenyewe, na wenye chombo walijivuna kwavyo. Julai 2022, kikirudi kutoka chini, ulisikika mshindo mkubwa, na vipimo vya baada ya hapo vikaonyesha kwamba mwili wa chombo umebadilika tabia. Kikaendelea kushuka. Tarehe 18 Juni 2023 kikapondeka na watu watano ndani yake. Kilikuwa na masikio mengi kuliko bisibisi ya mzee wetu. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "Leo basi" na akasikilizwa.

Sisi watu wa Kanda ya Ziwa tunajua kusikiliza, lakini mara nyingi tumesikiliza baada ya kuvunjika. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, watu walisikika wakigonga kutoka ndani ya chuma. Waliokuja kuokoa wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, na meli ikazama kabisa. Idadi ya waliokufa inayotajwa sana ni zaidi ya 800, katika meli iliyoruhusiwa kubeba abiria 430. Na Oktoba 2015, pale Nyangarata, wilaya yetu ya Kahama, wachimbaji walifukiwa ardhini, watu wakakata tamaa, na tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, wakatolewa watano wakiwa hai. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini shangwe ya namna hiyo ni ya Mungu. Huwezi kuipangia ratiba ya kazi.

Sasa nimfikie mdogo wangu.

Mdogo wangu alikwenda kwenye maduara baada ya tumbaku kumlipa vibaya misimu miwili. Duara ni nyambizi ya maskini. Unashuka kwa kamba, unaacha mwanga juu, na kinachozuia dunia isikuangukie ni matimba, yale magogo mnayopanga ukutani na kwenye dari. Hakuna kipima mtetemo. Kuna sikio. Timba lililobebeshwa mno linalia kabla ya kuvunjika; kwanza kidogo kama mlango wa zamani, halafu mara kwa mara. Udongo nao huanza kuchuruzika mahali ulipokuwa umetulia. Wachimbaji wa zamani wanazijua dalili hizi zote.

Alinipigia simu usiku mmoja. "Dada, matimba yanalia."

"Umemwambia mwenye duara?"

"Nimemwambia. Anasema mawe ndiyo kwanza yameanza kuonyesha rangi, tumalize mifuko hii halafu ataleta magogo mengine."

"Wenzako wanasemaje?"

Akanyamaza kidogo. "Wanasema matimba yote hulia."

Sikumwambia la kufanya. Nilimuuliza swali moja tu la kifundi: yanalia leo kuliko jana? Akasema ndiyo. Asubuhi yake alipanda juu, akafungasha, akaondoka. Kwa taratibu za pale, mgawo ni wa mifuko, na anayeondoka kabla ya mgawo anaondoka mikono mitupu. Alifika nyumbani na begi lenye nguo mbili.

Msomaji, najua unasubiri nikuambie duara liliporomoka. Halikuporomoka. Wenzake walifanya kazi karibu miezi miwili, wakapata mawe mazuri, mmoja akanunua pikipiki na akapita nayo kwetu makusudi kumsalimia mdogo wangu. Walimpa jina la utani ambalo sitaliandika, lenye maana ya mtu anayeogopa kivuli chake. Hata baba, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliuliza mezani, "Sasa ulikimbia nini hasa?"

Nimeufikiria usiku ule mara nyingi, na hapa ndipo nilipofika. Jambo gumu kuliko yote katika kazi ya kusikiliza mashine si kusikia. Sikio unaweza kulinunua; liko la bisibisi na liko la mamilioni. Jambo gumu ni kwamba anayesimamisha kwa wakati hana ushahidi. Aliyechelewa anao: ana maiti, ana kranki iliyovunjika, ana tume ya uchunguzi. Aliyewahi ana hasara ya siku moja na kicheko cha watu. Thresher nayo ilipiga mbizi mara nyingi kabla ya ile ya mwisho, na kila iliporudi salama, yule aliyekuwa na wasiwasi alionekana mjinga zaidi. Mbona matimba yote hulia?

Wale Wamarekani, baada ya kuwazika watu wao kwa ibada zisizo na maiti, walianzisha mwaka huo huo wa 1963 utaratibu walioupa jina SUBSAFE. Kiini chake kinaelezeka kwa Kiswahili cha kawaida. Kila bomba, kila ungio, kila valvu inayozuia maji ya bahari lazima iwe na ushahidi wake ulioandikwa: nani aliitengeneza, nani aliipima, kipimo kilisema nini. Bila karatasi hiyo chombo hakipigi mbizi, hata kama kinaonekana kizima, hata kama mkubwa ana haraka. Neno "nadhani iko sawa" halikubaliki. Mzigo wa ushahidi wameuhamisha. Zamani aliyetaka kusimamisha ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba kuna hatari. Sasa anayetaka kushuka ndiye anayethibitisha kwamba hakuna. Kati ya mwaka 1915 na 1963 jeshi lao lilipoteza nyambizi 16 nje ya vita. Tangu utaratibu huo uanze limepoteza moja, Scorpion, mwaka 1968, na watu 99. Na hiyo ilikuwa bado haijapewa cheti hicho.

Nilipolisoma hilo nililikumbuka kopo la Kimbo. Mzee wetu hakuwa na cheti wala jeshi, lakini alikuwa amefanya jambo lile lile kwa kiasi cha mkono wake. Alitunza vyuma vilivyolika ili siku ya kuzima mashine asionekane mvivu. Kwenye duara hakuna kopo. Timba lililobadilishwa kabla ya kuvunjika linachomwa kuni, na habari yake inaishia jikoni.

Mdogo wangu sasa yuko nyumbani, analima tumbaku tena. Msimu uliopita bei ilikuwa nafuu kidogo, lakini madeni ya pembejeo hayajaisha, na naona jinsi anavyoitazama barabara ya Kahama jioni. Atarudi maduarani, simdanganyi mtu. Hapa kwetu kijana hana mahali pengi pa kwenda. Ila safari hii ameniambia ana sharti moja, na tumelipanga pamoja: haingii duara ambalo halikubali kwamba anayesema "tupande" hakatwi mgawo wake, na kwamba siku hiyo inahesabiwa siku ya kazi. Na awepo mtu wa kuandika kwenye daftari la shule ni timba gani limelia, lini, na limebadilishwa lini.

Mpaka naandika haya ameshaongea na wenye maduara wanne. Watatu walicheka. Wa nne hakucheka; alikaa kimya, kisha akauliza hilo daftari atalinunua nani. Mdogo wangu akamjibu, "Dada yangu atalinunua."

Nimeshalinunua. Lina kurasa 96, na liko hapa mezani, halijaandikwa kitu.